Kwa Nini Propela Huanguka Chombo Kinaporudi Nyuma

Boti imekaribia gati. Nahodha anapunguza mwendo, anatia gia ya kurudi nyuma ili chombo kisimame. Ghafla injini inapiga kelele kama punda aliyetuliwa mzigo, na boti inaendelea mbele vilevile mpaka inaligonga gati. Wanafungua sanduku la gia, zima. Wanatazama injini, nzima. Propela ndiyo haipo. Imelala kwenye matope hatua chache nyuma yao, baada ya kufanya kazi asubuhi nzima bila kuonyesha dalili yoyote.

"Nati ililegea," fundi atasema, na atakuwa amesema kweli. Lakini jibu hilo linaacha maswali mawili ambayo ndiyo hasa yanayonivuta. Kama nati ilikuwa imelegea, propela iliwezaje kukaa mahali pake asubuhi yote? Na kwa nini iliondoka katika zile sekunde chache za kurudi nyuma? Majibu yako kwenye ncha ya shafti, ule mhimili wa chuma unaoizungusha propela, mahali ambapo wengi wetu hatupatazami mpaka maji yakupwe na chombo kilale ubavu.

Kwanza tukubaliane maneno. Kamusi huiita rafadha, ila majini na gereji watu husema propela, nami nitasema hivyo. Ile mistari inayozunguka kwenye ncha ya shafti na ndani ya nati ni hesi. Fundi wako huenda anaiita thredi. Ni kitu kimoja.

Anayezungusha propela si nati

Shafti ya boti yenye injini ya ndani hutokea tezi, yaani nyuma ya chombo, ikapita kwenye beringi yake, kisha ikaanza kuchongoka. Mchongoko huo haukisiwi kwa jicho. Kiwango cha Marekani kinachotumika sana kwenye boti ndogo kinataka kipenyo kipungue inchi 1 kwa kila inchi 16 za urefu. Kiwango cha kimataifa, ISO 4566, kinataka 1 kwa 10. Tundu la propela huchongwa kwa kipimo hichohicho, ili viwili hivyo vikikutana vishikane mwili mzima kama kizibo na shingo ya chupa. Kwenye mchongoko umechimbwa mfereji wa kulaza kii, kile kipande cha chuma cha pembe nne ambacho nusu yake huzama kwenye shafti na nusu kwenye propela. Mchongoko ukiisha, shafti huwa nyembamba zaidi, na hapo ndipo penye hesi na nati. Shafti ya inchi 1, kwa kiwango hicho cha Marekani, huwa na hesi ya inchi robo tatu yenye mizunguko 10 kwa kila inchi.

Sasa muulize mtu yeyote pwani: kati ya hivyo vyote, ni kipi kinachoizungusha propela? Wengi watataja kii. Wachache watataja nati. Mzigo mkubwa, kwa kweli, hubebwa na mchongoko wenyewe, kwa msuguano wa chuma kwa chuma.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua shafti inayopokea kilowati 20 na kuzunguka mara 1,000 kwa dakika. Msokoto wake ni niutoni-mita 190 hivi. Pale propela inaposhikana na shafti ya inchi 1, kutoka katikati mpaka juu ya chuma ni milimita 11 au 12 tu, kwa hiyo msokoto ule unageuka kuwa nguvu ya karibu tani 1.7 inayotaka kuitelezesha propela juu ya shafti. Kii ikiachiwa mzigo huo peke yake kila mara unapotia gia, hutafunika pembeni, mfereji wake hupanuka, na mwisho shafti hupasuka kuanzia kwenye kona ya mfereji. Kii ni mlinzi wa zamu ya pili. Zamu ya kwanza ni ya mchongoko.

Na mchongoko hauwezi kufanya zamu yake bila kusukumiwa propela kwa nguvu. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya hesi. Spana ya nusu mita, mkono unaosukuma kiasi cha kilo 15, na nati ya inchi robo tatu: vitu hivyo vitatu huisukuma propela kwenye mchongoko kwa nguvu inayokaribia tani 2. Kila nati inapozunguka mara moja husogea milimita 2.54 tu, huku mkono wako ukisafiri zaidi ya mita 3, na tofauti hiyo ya safari ndiyo inayozaa nguvu. Msuguano wa hesi hula sehemu kubwa ya jasho lako, lakini kinachobaki kinatosha takriban kuubeba msokoto wote ule bila kii kuguswa.

Hapo tumefika kwenye fumbo la gatini. Chombo kinapokwenda mbele, propela huyasukuma maji nyuma, na maji huisukuma propela mbele, yaani huizidishia kukaa kwenye mchongoko. Boti yetu ya kilowati 20 ikienda noti 6 hivi, yaani maili 6 za baharini kwa saa, msukumo huo hufika kilo 300 na ushei. Nati inaweza kulegea, inaweza hata kudondoka kabisa, na propela isiende popote: maji yanaibana, kii inaizungusha, nahodha hajui lolote. Ukitia gia ya nyuma, mambo yanageuka. Maji huivuta propela itoke kwenye mchongoko, na kitu pekee kinachoizuia ni hesi. Kama nati haipo, safari imekwisha. Propela ile ilikuwa imeshaachwa huru tangu asubuhi au hata jana yake. Gia ya nyuma ilitoa tu taarifa.

Kulia au kushoto?

Swali linaloleta ubishi mwingi kuliko yote ni la upande wa hesi. Hesi ya kulia ndiyo tuliyoizoea: ukizungusha kwa mwendo wa saa inakaza. Hesi ya kushoto ni kinyume chake. Propela nazo zina mikono. Simama nyuma ya chombo, itazame propela ikiwa inakisukuma mbele. Ikizunguka kwa mwendo wa saa ni ya mkono wa kulia. Je, propela ya kulia inataka hesi ya upande gani?

Jibu la haraka kichwani ni "ya kulia, ili izidi kukaza." Jibu hilo ni kosa, na ushahidi uko sebuleni kwako. Chukua feni ya mezani, ile ambayo Waswahili wengine huiita pangaboi, jina ambalo pia hupewa propela. Ukiitazama kwa mbele, mapanga yake kwa kawaida huzunguka kwa mwendo wa saa. Jaribu kufungua ile nati ya plastiki inayoshika mapanga kwa kuizungusha kushoto, na utaikaza mpaka ipasuke. Hufunguliwa kwa kuizungusha kulia. Ina hesi ya kushoto, na waliotengeneza walijua wanachokifanya.

Sababu ni hii. Shafti ndiyo inayoongoza, propela inafuata kwa kusitasita kwa sababu maji yanaizuia. Kama kuna mtelezo wowote kati yao, hata wa unywele, propela hubaki nyuma. Kwa shafti inayozunguka kulia, kubaki nyuma ni sawa na kuzunguka kushoto juu ya shafti. Nati iliyobanwa kwenye propela hukokotwa pamoja nayo, na nati ya hesi ya kulia ikikokotwa kushoto hufunguka. Hata ukiacha maji kando, nati iliyolegea ina tabia yake: tundu lake ni kubwa kidogo kuliko shafti, hivyo inapobingirika juu ya shafti inayozunguka hubaki nyuma kidogo kila mzunguko, upande uleule. Nguvu mbili, zote zinafungua.

(Baiskeli huwachanganya watu hapa. Pedali ya kushoto ina hesi ya kushoto, ya kulia ina hesi ya kulia, na ukifikiria kwa hesabu ya feni utaona zimewekwa kinyume. Tofauti ni kwamba kwenye pedali chuma chenye hesi ya nje ndicho kilichoingia ndani ya tundu. Kitu chembamba kikibingirika ndani ya tundu pana hutangulia, hakibaki nyuma. Kwa hiyo mfano wa baiskeli usiupeleke kwenye nati ya propela.)

Ndiyo maana kwenye meli, kwa desturi ya zamani ya wahandisi wa baharini, nati ya propela ya mkono wa kulia ilipewa hesi ya kushoto, na ya kushoto ikapewa ya kulia, ili mwendo wa mbele uikaze. Meli kubwa za leo nyingi hazitumii hata kii: propela hupanuliwa kwa mafuta yenye shinikizo kali, husukumwa kwenye mchongoko kwa nati ya haidroli, kisha shinikizo likitolewa hujibana yenyewe.

Lakini nenda kwenye boti ndogo na utakuta karibu zote zina hesi ya kulia, hata ile yenye injini mbili ambazo propela zake huzunguka kinyume, moja kulia moja kushoto. Je, watengenezaji wamekosea? Sidhani. Boti ndogo hutiwa gia ya nyuma mara nyingi: gatini, kwenye nyavu, kwenye kina kifupi. Hesi inayokazwa na mwendo wa mbele hufunguliwa na mwendo wa nyuma, na hakuna hesi duniani inayokazwa na yote mawili. Basi wakachagua hesi ambayo nati yake inapatikana kila duka, wakaiachia kazi ya kuzuia kufunguka kitu kingine. Kwa boti ndogo nakubaliana nao. Upande wa hesi ukishakuwa umechaguliwa, kinachobaki ni kufunga nati isisogee kabisa, na hapo ndipo uzembe unapotuponza.

Nati mbili, na ipi iwe ndani

Njia iliyozoeleka ni nati mbili na kotapini, ile pini ya miguu miwili inayopitishwa tunduni kisha ikapindwa. Moja nene, moja nyembamba kama nusu yake. Mafundi wengi huweka ile nene kwanza, kwa hoja inayoonekana ya busara: nene ndiyo yenye nguvu, basi ndiyo ishike propela, nyembamba ije nyuma kama kufuli. Fikiria tena. Unapoikaza nati ya pili, inaisukuma ile ya kwanza mbele na wakati huohuo inaivuta shafti nyuma. Hesi za nati ya ndani hupunguziwa mzigo, hata hugeuka na kushikilia ukuta wa pili wa hesi ya shafti. Mzigo wote wa kuishikilia propela huhamia kwenye nati ya nje. Kama ya nje ni ile nyembamba, umeupeleka mzigo kwa mdogo. Nyembamba iingie ndani, nene ije nje. Kukinzana kwao ndiko kunakozifunga: moja inavuta huku, nyingine inasukuma kule, na shafti imekamatwa katikati.

Unene wa nati una mpaka wa faida yake. Watu hudhani nati yenye hesi kumi hugawa mzigo sawa kwa sawa, kila hesi fungu moja la kumi. Sivyo. Shafti hunyooka kidogo ikivutwa, nati hubanwa kidogo, na hesi ya kwanza iliyo karibu na propela hubeba takriban theluthi ya mzigo wote. Ya pili hubeba pungufu, na zile za mwisho karibu zinatazama tu. Kwa hiyo ukikuta hesi mbili tatu za mwanzo kwenye nati zimeliwa, usijifariji kwamba zimebaki saba. Zilizoliwa ndizo zilizokuwa kazini.

Na mahali hapo hapo, chini kabisa ya bonde la hesi ya kwanza, ndipo shafti hukatikia ikikatika. Bonde la hesi ni kovu lililochongwa kuzunguka chuma. Nguvu hujikusanya kwenye kovu. Joseph Whitworth wa Uingereza alipopendekeza hesi yake ya kiwango mwaka 1841, aliipa pembe ya nyuzi 55 na kuyaviringisha mabonde yake. William Sellers wa Marekani alikuja mwaka 1864 na nyuzi 60 na mabonde bapa, kwa sababu ni rahisi zaidi kwa fundi wa kawaida kuichonga na kuipima. Hesi za milimita za leo zimebaki na nyuzi 60, ila bonde linaloviringishwa bado ndilo linalodumu zaidi kwenye kitu kinachosokotwa mamilioni ya mara. Ukimpa fundi wa leth, mashine ya kuchonga chuma kinachozunguka, kazi ya kuchonga shafti mpya, mwambie asichonge bonde la hesi kwa ncha kali kama wembe.

Historia hiyo ya nyuzi 55 na 60 ingali mikononi mwetu. Kwenye mwambao wetu kuna injini za Kiingereza za zamani kama Lister, kuna za Kijapani, na kuna shafti zilizochongwa na yeyote aliyepatikana. Nati ya Whitworth ya inchi robo tatu ina mizunguko 10 kwa inchi. Nati ya Kimarekani ya saizi hiyo nayo ina 10. Moja itaingia kwenye shafti ya nyingine na utaona imekubali, kumbe pembe hazilingani na zinagusana kwenye mstari mwembamba tu. Kwenye nusu inchi angalau hukataa mapema, kwa kuwa moja ina 12 na nyingine 13. Mtego mwingine ni nati ya inchi tano kwa nane kwenye hesi ya milimita 16: vipenyo vinatofautiana kwa sehemu ya nane ya milimita, lakini hatua ya moja ni milimita 2.3 na ya nyingine 2. Huingia mzunguko mmoja au miwili, kisha hukwama, na fundi mwenye haraka huleta spana ndefu zaidi. Nati ikikwama mapema, irudishe, chukua geji ya hesi upime. Kukaza kwa nguvu hapo ni kuchonga hesi mpya juu ya ile ya zamani.

Mashine ya nje

Kwa mashine ya kuning'iniza tezi, kama zile Yamaha Enduro zilizojaa pwani na Ziwa Victoria, mambo ni tofauti kidogo. Shafti yake ya propela, kwenye mashine za wastani na kubwa, ina meno marefu yaliyolala sambamba, na meno hayo ndiyo yanayozungusha. Hakuna anayetegemea msuguano. Mbele ya propela kuna washa nene, yaani pete ya chuma, inayopokea msukumo wa kwenda mbele. Nyuma kuna washa nyingine, kisha nati yenye matundu ya kotapini. Washa ya nyuma ikiwa imetengenezwa kushika meno ya shafti, hukatiza ule mkokoto niliousema: propela ikitikisika, washa haizunguki juu ya shafti, na nati haipati wa kuikokota. Ndiyo maana washa hiyo ikipotea usiweke nyingine ya kawaida ya dukani ukadhani umemaliza. Umeondoa kinga, umeacha umbo.

Mashine ndogo kabisa hutumia pini laini iliyopita ubavuni mwa shafti, ambayo imekusudiwa ikatike propela ikigonga mwamba. Nimeona misumari ya chuma ikiwekwa mahali pake. Propela ikigonga, msumari haukatiki, na pigo linapanda mpaka kwenye gia, ambazo bei yake si ya msumari.

Kuhusu maji ya chumvi nitasema mawili. Chuma kisichoshika kutu, yaani stenlesi, kinahitaji hewa iliyo ndani ya maji ili kijilinde. Ndani ya nati, ambako maji yamesimama, huliwa taratibu na huwezi kuona mpaka ufungue. Na nati ya shaba njano ikianza kugeuka nyekundu, zinki imeshatoka, imebaki shaba yenye matundu kama mkate. Iguse kwa tupa; ikiwa nyekundu mpaka ndani, itupe. Usiweke nati ya stenlesi kwenye shafti ya stenlesi bila mafuta maalumu: huungana kama zilizochomelewa.

Kipimo cha chaki na namna ya kuivua

Kabla ya kuilaumu hesi, pima kii. Hili ndilo kosa ninalolichukia zaidi kwa sababu halionekani. Kii ikiwa juu mno hata kwa unene wa ukucha, propela hupanda juu yake na haikai kwenye mchongoko. Nati itakaza, mkono utahisi imekaza, kumbe imekaza juu ya kii. Toa kii kabisa. Sukuma propela kwenye mchongoko mtupu mpaka iishie, chora mstari wa chaki kwenye shafti mbele yake. Ivue, weka kii, irudishe. Isipofika kwenye mstari uleule, kii inataka tupa, na uipunguze juu, si ubavuni. Hakikisha pia kwamba propela inapita kidogo mwisho wa mchongoko, la sivyo nati itakaza juu ya bega la shafti na propela itabaki inacheza. Baada ya siku ya kwanza ya kazi, maji yakikupwa, rudi na spana. Propela mpya hujisogeza kidogo kwenye mchongoko, na nati iliyokuwa ngumu jana leo huenda ikakubali robo mzunguko.

Siku ya kuivua, usiipige shafti nyundo kwenye ncha. Pigo moja hutandaza hesi ya mwisho kama uyoga na nati haitatoka tena bila kukatwa. Tumia pula, kile kifaa cha kuvutia propela itoke. Na usiiondoe nati yote: ilegeze, uiache imeshika kwa mizunguko mitatu au minne, ndipo uvute. Propela iliyobanwa miaka mitano haitoki polepole. Hubanduka kwa mlio kama wa risasi na kuruka nyuma ikiwa na uzito wake wote, na anayevuta huwa amechuchumaa hapohapo, uso kwa uso nayo. Nati ile iliyoachwa ndiyo inayoidaka.